UZI: Vipande vya RNA vilijiundaje kabla ya kiumbe chochote kuwepo? Watu walikwama karibu miaka 40 kwa sababu ya kuangalia mchoro

chembehai

Wakuu salaam. Kuna swali limenikaa kichwani miaka mingi, nimelisoma kila nilipopata nafasi na leo nimeona niliweke hapa tulijadili kwa utulivu. Uhai ulianzaje kikemia? Siongelei dinosaria wala nyani, hao ni wa juzi tu. Naongelea kabla hata ya bakteria wa kwanza, dunia ina maji, miamba, volkano, radi, jua linapiga bila ozoni ya kulichuja, na hakuna kitu hata kimoja kinachojizaa. Halafu baadae kipo. Hapo katikati kilipita nini?

Muda wenyewe haukuwa mrefu kama watu wanavyodhani. Dunia ina miaka bilioni 4.54. Kuna punje za madini ya zirkoni zimeokotwa Jack Hills kule Australia zenye umri unaofika bilioni 4.4, na zinaonyesha maji tayari yalikuwepo. Huko huko Australia, eneo la Pilbara, kuna miamba ya bilioni 3.48 hivi yenye alama za makoloni ya vijidudu. Kwa hiyo ndani ya miaka isiyofika bilioni moja kemia tupu iligeuka kuwa kitu kinachoishi.

Sasa ugumu uko hapa. Ndani ya seli DNA inatunza maelekezo lakini haiwezi kufanya kazi yoyote bila protini, na protini haziwezi kutengenezwa bila maelekezo ya DNA. Kuku na yai kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu watatu, Carl Woese, Francis Crick na Leslie Orgel, wakaja na wazo kwamba labda mwanzoni RNA, yule ndugu wa DNA ambaye kwa kawaida ana uzi mmoja, ilifanya kazi zote mbili peke yake. Lilikuwa wazo tu, hadi 1982 Thomas Cech na wenzake wakakuta RNA inayojikata na kujiunga yenyewe bila msaada wa protini, na Sidney Altman nae akapata yake muda mfupi baadae. Wakapewa Nobel ya kemia 1989. Halafu 2000 ikaja picha ya kina ya ribosomu, kile kiwanda kinachotengeneza protini zote mwilini mwako, na pale kwenyewe asidi amino (vipande vinavyojenga protini) zinapounganishwa ni RNA tupu, protini ziko pembeni zimeshikilia tu. Mimi niliposoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Yaani protini zote zilizopo duniani leo zinatengenezwa na RNA. Ni kama kukuta msingi wa nyumba ya zamani chini ya nyumba mpya.

Sawa, RNA kwanza. Ila RNA yenyewe ilitoka wapi? Nitaendelea kwenye komenti, niacheni nipange.

Darubini

Nimekaa mbele kabisa mkuu. Endelea.

mzee wa hoja

Chembehai mdogo wangu mada nzuri lakini nina swali la mapema. Si walishafanya lile jaribio la chupa na cheche za umeme wakapata uhai? Nilifundishwa hivyo shuleni.

chembehai

Shikamoo mzee. Hapana, hawakupata uhai, na hapa watu wengi wanachanganywa. Jaribio hilo ni la Stanley Miller akiwa mwanafunzi wa Harold Urey pale Chicago, matokeo yalitoka 1953. Alichanganya methani, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji, akapitisha cheche za umeme, baada ya siku kadhaa maji yakabadilika rangi na ndani yake akakuta asidi amino. Hizo ni matofali ya protini, na matofali siyo nyumba. Baadae pia wanajiolojia wengi waliona anga ya kwanza ya dunia haikuwa na methani na amonia nyingi kiasi kile. Lakini heshima yake haipungui, kwa sababu ndiye aliyefanya swali hili liingie maabara, kabla yake lilikuwa la kukaa na kuwaza.

Turudi kwenye RNA. Mnyororo wa RNA umeundwa na vipande vinaitwa nyukleotidi. Ukichukua kipande kimoja ukakiangalia kwenye mchoro wa kitabu utaona sehemu tatu wazi kabisa: katikati sukari inaitwa ribosi, upande mmoja besi (adenini, guanini, sitosini au urasili) na upande mwingine fosfeti (fosforasi iliyoungana na oksijeni). Mtu yeyote akiona mchoro ule anajiambia aah, basi tengeneza sukari, tengeneza besi, tafuta fosfeti, ziunganishe. Na ndivyo wakemia walivyofanya. Naomba muishike hii, maana uzi wote unasimama hapa.

Kwenye besi mambo yalianza vizuri ajabu. Mwaka 1960 Joan Oró akapasha moto mchanganyiko wa hidrojeni sayanaidi na amonia kwenye maji, akapata adenini. Sayanaidi hiyo ni sumu inayoua mtu, lakini ni molekuli ndogo sana, hidrojeni moja kaboni moja naitrojeni moja. Chukua tano zake, hesabu: kaboni tano, hidrojeni tano, naitrojeni tano. Hiyo ndiyo adenini, haipungui wala haizidi. Ile ile iliyoko kwenye DNA yako. Mimi sijui kama kuna hesabu nyingine ya kemia inayonifurahisha kama hii.

Kwenye sukari ndiko matatizo yalikoanzia. Tangu 1861 Butlerov wa Urusi alishaonyesha kwamba formaldehaidi ikiwekwa kwenye maji ya chokaa inajijenga kuwa sukari. Tatizo inajijenga kuwa sukari za kila aina, makumi, na ribosi ni sehemu ndogo sana humo ndani, halafu ukiiacha iendelee inakuwa lami nyeusi. Na hata hiyo ribosi ukiipata haidumu. Mwaka 1995 Miller yule yule na wenzake walipima wakakuta kwenye maji yenye joto la digrii 100 nusu yake imeharibika ndani ya dakika 73. Kwa baridi ya digrii sifuri inafika miaka 44, ambayo kwa jiolojia bado ni kupepesa jicho.

Na tuseme umepata zote mbili, sukari hii hapa na besi hii hapa, sasa ziunganishe. Hapa ndipo ukuta ulipo. Adenini na guanini zinakubali kidogo sana ukizikausha na kuzichoma pamoja na ribosi, unapata asilimia chache. Sitosini na urasili hazikubali kabisa. Zero. Watu wakajaribu mwaka hadi mwaka, hadi Orgel mwenyewe, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa wazo la RNA, akawa anakiri kwamba hali ni ngumu. Wengine wakaanza kusema labda RNA haikuwa ya kwanza, kulikuwa na kitu kingine chepesi kabla yake.

nyotanjema

Sasa kama haziunganiki ina maana wazo lote limekufa. Naona mnalazimisha tu.

chembehai

Dada subiri kidogo hapo hapo. Kilichokufa ni njia moja, ya kuunganisha sukari na besi. Swali ambalo kwa karibu miaka 40 halikupewa uzito ni hili: nani alisema zilitengenezwa mbali mbali halafu zikaunganishwa? Mchoro ndio ulisema. Sisi tunaiona molekuli ikiwa imeshakamilika tunaikata kwa macho pale inapoonekana ina kiungo, tunadhani ilishonwa hapo. Lakini jinsi kitu kinavyoonekana kikiisha hakikuambii kilianzia wapi. Kikapu ukikiona kina kitako, ubavu na ukingo huwezi kusema msukaji alisuka kitako peke yake na ubavu peke yake akaja kuvigundisha, wakati ukindu ule ule umetoka kitakoni ukapanda ubavuni.

Mwaka 2009 John Sutherland, akiwa Chuo Kikuu cha Manchester na vijana wake Matthew Powner na Béatrice Gerland, wakatoa matokeo kwenye jarida la Nature. Walichofanya nitakieleza taratibu.

Wakaanza na vitu vidogo. Sayanamidi, ambayo ni ndugu wa sayanaidi, na glaikolaldehaidi, ambayo ni sukari ndogo kuliko zote, ina kaboni mbili tu. Zikiachwa zenyewe zinafanya fujo. Ila wakaweka na fosfeti tangu mwanzo, kabla ya kazi yake kufika. Watu wote kabla yao walikuwa wanaiacha fosfeti hadi hatua ya mwisho, kwa sababu kwenye mchoro inaonekana ni ya kubandikwa mwisho. Kumbe fosfeti ikiwepo mapema inatuliza tindikali ya maji na inasukuma mmenyuko uende njia moja. Ile fujo ikapotea, wakapata kitu kimoja kwa wingi, kinaitwa 2-aminooksazoli.

Hii molekuli ndiyo siri yenyewe. Siyo sukari na siyo besi, ni nusu ya sukari na nusu ya besi ndani ya pete moja. Yaani kile kiungo kilichowashinda watu miaka yote kimeshakuwepo tayari, kabla hata sukari haijakamilika! Halafu ina tabia nzuri, ikipata joto inapaa yenyewe kama mvuke na kuacha uchafu nyuma, ikikutana na baridi inaganda tena ikiwa safi. Kwa hiyo hata bila mtu wa maabara dimbwi linaweza kuisafisha kwa jua la mchana na baridi ya usiku.

Hatua ya pili ikaongezwa gliseraldehaidi, sukari ya kaboni tatu. Mbili kujumlisha tatu, tano, hapo sukari imekamilika ikiwa bado imeshikana na kipande cha besi. Hatua ya tatu sayanoasetilini, inamalizia upande wa besi. Mwisho fosfeti ile ile, iliyokuwa imekaa humo muda wote, inajishika mahali pake na katika kujishika inageuza umbo la sukari kutoka arabinosi, ndugu wa ribosi, kuwa ribosi yenyewe. Unatoka na nyukleotidi ya sitosini, ile ile iliyokuwa haiwezekani. Wakaipiga mwanga wa ultravayoleti, ambao dunia ya zamani ilikuwa nao mwingi kwa sababu hakukuwa na ozoni, takataka za pembeni zikavunjika na sehemu ya sitosini ikageuka urasili. Zote mbili zilizokuwa zimekataa zimepatikana.

Ribosi huru haikuonekana popote, na besi huru pia haikuonekana. Ule mlima wa kuziunganisha haukupandwa kwa sababu njia haikupita hapo.

Darubini

Daah. Sasa hii ya fosfeti nimeielewa lakini nina shaka nayo. Mimi nimesoma jiolojia kidogo, fosfeti kwenye miamba imefungwa na kalsiamu kwenye madini ya apataiti, haiyeyuki kwenye maji ya kawaida. Hiyo fosfeti nyingi ya kuweka tangu mwanzo ilitoka wapi?

chembehai

Swali zito hilo mkuu, na lina majibu mawili yanayoeleweka. La kwanza ni vimondo, kuna madini yanaitwa skraibasaiti, ni fosforasi iliyoungana na chuma na nikeli, yanakuja na vimondo na yakiguswa na maji yanaachia fosforasi katika hali inayoweza kutumika. Mwaka 2021 kuna watafiti walionyesha kwamba radi ikipiga udongo nayo inatengeneza madini hayo hayo. La pili mimi naliamini zaidi, ni maziwa ya magadi. Jonathan Toner na David Catling walilionyesha hili 2020: kwenye ziwa lenye kaboneti nyingi, kaboneti inamnyang'anya fosfeti yule kalsiamu anayemfunga, kwa hiyo fosfeti inabaki huru na inazidi kujikusanya maji yanavyokauka. Maziwa ya aina hiyo yapo hadi leo, Magadi Kenya, Mono kule California, Lonar India. Na ziwa linalokauka na kujaa ndilo hasa kemia hii inalolitaka.

mzee wa hoja

Mimi nauliza kitu kingine mdogo wangu. Hao wazungu waliweka hatua ya kwanza, wakasubiri, wakaongeza ya pili, wakasubiri, wakaongeza ya tatu. Kwenye dimbwi nani alikuwa anaongeza?

chembehai

Mzee hapo umegusa penyewe, na nitakuwa mkweli. Hili ndilo pingamizi kubwa na wakemia wenyewe walilitoa mapema, marehemu Robert Shapiro alikuwa mmoja wao. Ukiweka vyote kwa pamoja siku ya kwanza unapata fujo. Utaratibu wa nini kinatangulia una maana.

Majibu yaliyopo ni ya mazingira. Sutherland baadae alihamia Cambridge na 2015 kundi lake likatoa picha pana zaidi, kwamba ukiwa na sayanaidi na kemikali zinazotokana nayo, salfaidi ya hidrojeni inayotoka kwenye volkano, mwanga wa ultravayoleti na shaba ya kuharakisha, unaweza kupata vitangulizi vya nyukleotidi, vya asidi amino na vya mafuta ya utando wa seli, vyote kutoka ukoo mmoja wa kemikali. Na wakapendekeza vijito tofauti vinavyopita kwenye miamba tofauti, kila kimoja kimebeba chake, halafu vinakutana kwenye dimbwi moja kwa nyakati tofauti. Kijito ndicho kinachoongeza. Je inatosha? Kwangu inawezekana ila naona bado ni hadithi iliyotengenezwa ifuate kemia, siyo kemia iliyokutwa kwenye mwamba. Nisingependa mtu atoke hapa anasema imethibitishwa.

Kuna upande wa pili pia lazima niutaje, kundi la Thomas Carell pale Munich. Sutherland alipata sitosini na urasili, Carell 2016 akaja na njia ya kupata zile kubwa mbili, adenini na guanini, na 2019 wakaonyesha makundi yote mawili ya nyukleotidi yanaweza kutoka kwenye mazingira ya aina moja kwa kurudia tu kulowa na kukauka. Ila Carell anatumia ribosi iliyokamilika, kwa hiyo anarudi kwenye lile tatizo la sukari. Hapo Steven Benner ana mchango wake wa 2004, kwamba madini ya boroni yanaikumbatia ribosi isiharibike haraka. Kwa hiyo kuna njia mbili hazijakubaliana na ubishi wao bado ni wa moto.

nyotanjema

Nimesoma mahali kwamba hivi vitu vilikuja na vimondo kutoka angani. Kwa nini tuhangaike na madimbwi? Vilishuka vikiwa tayari.

chembehai

Dada ni kweli nusu. Kimondo cha Murchison kilianguka Australia 1969 kikakutwa na asidi amino kibao. 2019 Yoshihiro Furukawa na wenzake wakapata ribosi humo. Halafu sampuli za asteroidi, ambazo ni safi zaidi kwa sababu hazikuguswa na udongo wa dunia: Ryugu ilikutwa na urasili, matokeo ya 2023, na Bennu, ambayo sampuli yake ililetwa na chombo cha NASA Septemba 2023, ilitangazwa Januari 2025 kuwa na asidi amino 14 kati ya 20 tunazotumia na besi zote tano za DNA na RNA.

Lakini angalia vizuri ni nini kimekutwa. Besi peke yake, sukari peke yake. Yaani tumerudi kwenye ukuta ule ule, anga limetuletea vipande ambavyo havikubali kuungana. Wanaoshangilia Bennu (na mimi nilishangilia) wasisahau hilo. Maana yake kubwa ni kwamba kemia hii siyo ya bahati ya dunia yetu, inatokea hata kwenye jiwe baridi linaloelea, ila nyukleotidi nzima haikuonekana humo.

Darubini

Na wale wa chini ya bahari? Zile chemchemi za moto.

chembehai

Zina watetezi wakubwa na kwa upande wa nishati wana hoja nzito, chemchemi za alkali kama Lost City iliyogunduliwa 2000 katikati ya Atlantiki zina tofauti ya tindikali inayofanana na ile seli inayotumia kutengeneza nguvu. Kwa RNA lakini mimi sioni. Kule chini hakuna mwanga wa ultravayoleti, hakuna kukauka, na RNA kwenye maji ya alkali yenye moto inakatika vipande. Kuunganisha nyukleotidi ni kutoa maji, sasa utatoaje maji ukiwa ndani ya bahari. Mwenye hoja tofauti aje, nitamsoma kwa makini.

mzee wa hoja

Haya tuseme vipande vimepatikana. Vinajiunga na kujinakili vipi?

chembehai

Kujiunga kuna mwanga. James Ferris alionyesha 1996 kwamba udongo wa montmorilonaiti, ule unaonata, unaweza kupanga nyukleotidi zilizoamshwa (zilizotiwa nishati ya kemikali ziwe tayari kuungana) hadi mnyororo wa vipande 50 hivi. Kunakili ndiko kugumu. Jack Szostak amelifanyia kazi miaka mingi, kunakili RNA bila kimeng'enya chochote, na vikwazo vinakuja kimoja baada ya kingine. Kunakili kunataka magnesiamu, magnesiamu inavunja vile vipovu vya mafuta vilivyotakiwa kuwa seli ya kwanza. 2013 yeye na Katarzyna Adamala wakakuta sitrati, kitu rahisi tu, inaishika magnesiamu kiasi kwamba RNA inanakiliwa na kipovu kinabaki kizima. Sawa, kimoja kimepita. Halafu ukishanakili, nyuzi mbili zinang'ang'aniana kwa nguvu, ukizichemsha ziachane na magnesiamu ipo, zinakatika. Na zikiachana zinarudiana haraka kuliko vipande vipya vinavyoweza kuingia katikati.

Gerald Joyce na Tracey Lincoln 2009 walipata RNA mbili zinazotengenezana zenyewe bila protini, idadi inaongezeka mara mbili kwa saa moja hivi. Mimi naiona ni kitu kikubwa sana. Ila zinakula vipande vikubwa vilivyoandaliwa na binadamu, siyo nyukleotidi moja moja.

Na bado sijagusa mkono wa kulia na wa kushoto, kwamba ribosi ina maumbo mawili yanayotazamana kama kwenye kioo na uhai unatumia moja tu. Kuna kazi ya 2023 ya Furkan Ozturk, Dimitar Sasselov na Sutherland walioweka kitangulizi kimoja cha RNA, ribosi-aminooksazolini, kiote fuwele juu ya madini ya magnetaiti, ile yenye sumaku, na fuwele zikatoka za umbo moja. Kitangulizi hicho ni mtoto wa ile ile 2-aminooksazoli niliyoieleza juu. Hiyo inataka komenti yake peke yake na michoro, nitaiweka kesho nikitulia.